Sinema ya Ghorofa ya Tatu

Saa nne na robo asubuhi, Inspekta alikuwa ameketi sebuleni kwa marehemu akigombana na rimoti.

Kiduara cheupe kilizunguka katikati ya runinga. Kikazunguka wee, kikasimama, kisha kikaanza upya. Alibonyeza kitufe cha juu, skrini ikawa nyeusi. Akabonyeza cha chini, yakaja maneno ya kumkaribisha, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Khaa! Hiki kidude kinanichezea?"

"Vuta subira kidogo, afande," konstebo alisema kutoka mlangoni. "Kinatafuta mtandao."

"Kimeupotezea wapi? Tangu saa tatu na nusu kinautafuta!"

Konstebo akageuka kuutazama mlango. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na wakati wa kunyamaza aliujua.

Na Inspekta, mama wa watu, alikuwa na haki ya kuchemka. Saa nane mchana, fundi baiskeli mmoja aliyeitwa Kidevu kwa sababu ya ndevu zake angesimamishwa mahakamani kwa kosa la kumuua mjomba wake. Inspekta hakuamini kwamba ameua. Alimhoji kwa saa tatu siku ya Jumapili na hakusikia ndani yake hata neno moja lililonuka uongo. Lakini kuamini si ushahidi, na ushahidi wote ulimbana Kidevu. Kibaya zaidi, shahidi mkubwa hakuwa mtu. Alikuwa ni kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, kilichochomekwa nyuma ya runinga. Miaka ishirini na miwili Inspekta alikuwa amehoji wezi, walevi na mawakili, wala hakuna aliyemsumbua kiasi hicho.

Marehemu alikuwa fundi mitambo wa jumba la sinema kwa miaka thelathini na mmoja. Jengo zima lilimwita Mzee Sinema. Jumba lilipofungwa, alipewa makopo yote ya mikanda iliyobaki, filamu themanini na kitu, na akayapeleka kwa fundi yahamishiwe kwenye kompyuta, kopo moja baada ya jingine. Kompyuta hiyo ilikaa kwenye meza iliyokuwa pembeni ya kochi. Kutoka hapo filamu zilirushwa kwa mtandao hadi kwenye visanduku viwili. Kimoja kilikuwa sebuleni hapo chini, alipoishi na Kidevu. Kingine kilikuwa ghorofa ya tatu, kwa binti yake wa pekee, nesi, aliyeishi huko na mumewe, mpima ardhi, ambaye ndiye aliyeviunganisha.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu jioni, nesi alitoka zamu, akapita kwanza kumsalimu baba yake. Alimkuta amekufa kwenye kiti chake. Mto wa kiti ulikuwa sakafuni. Daktari alisema mzee alizibwa pumzi kwa mto huo, kati ya saa kumi na saa kumi na moja.

Simu ikalia. Mkuu wa kituo.

"Inspekta, karatasi zangu ziko tayari, gari liko tayari, mtuhumiwa yuko tayari. Wewe unafanya nini huko?"

"Natazama sinema, mkuu."

"Unasemaje?"

"Nakagua ushahidi wa mpima ardhi."

"Si ulishakaguliwa jana! Kijana aligombana na mjomba wake saa tisa, jirani kasikia. Akatoka, anadai alizurura peke yake mpaka jioni, hakuna aliyemwona. Mkwe alikuwa juu anatazama filamu, mashine imeandika. Unataka nini tena?"

"Nataka mpaka saa nane."

"Saa saba na nusu gari linaondoka," Mkuu akasema, akakata.

Inspekta aliitupa simu kwenye kochi. Kiduara, kwa kumkomoa tu, kikatoweka muda huohuo na orodha ya filamu ikajitokeza.

"Nilikwambia kinatafuta mtandao," konstebo akasema taratibu.

"Konstebo, usinianze. Nionyeshe ulichokagua jana."

Konstebo alichukua rimoti kwa vidole viwili. Alifungua filamu moja, akaipeleka mbele mpaka karibu na mwisho wa kipande cha kwanza. Picha ikaisha. Skrini ikabaki nyeusi, na orodha ya vipande saba ikangoja.

"Unaona, afande? Filamu moja ni mikanda saba, kila mmoja dakika ishirini. Mzee alitaka iwe hivyohivyo kama ilivyokuwa kwenye makopo. Mkanda ukiisha, inasimama. Lazima mtu achague unaofuata. Sasa Jumamosi, runinga ya ghorofa ya tatu ilipiga mikanda saba mfululizo, kuanzia saa kumi kasoro dakika tano hadi saa kumi na mbili na robo. Kwa hiyo mtu alikuwa pale, rimoti mkononi, kila baada ya dakika ishirini."

"Hilo jaribio ulilifanya wapi?"

"Hapa."

"Hapa chini?"

"Runinga si runinga tu, afande?"

Inspekta alimkazia macho. Mtu anakaribia kufungwa maisha, na huyu anamwambia runinga ni runinga tu!

Mlango wa jikoni ukafunguka, nesi akaingia na glasi ya maji. Macho yalikuwa mekundu lakini mwendo ulikuwa wa mtu wa kazi. Alimpa Inspekta maji, akaketi kwenye kiti cha mbao, si kwenye kiti cha baba yake.

"Dada, pole tena," Inspekta akasema. "Nieleze ule ugomvi wa Jumamosi. Kidevu anasema waligombania filamu. Watu wazima wawili!"

"Ndiyo, filamu." Nesi alivuta pumzi. "Baba hakuweza kumvumilia mtu anayeacha filamu katikati. Kwake hiyo ilikuwa dharau. Sasa angalia hapo juu, palipoandikwa Endelea kutazama. Hizo zote zimeachwa katikati."

Inspekta aliangalia. Picha tano zilijipanga, na zote zilikuwa za katuni. Paka, sungura, paka tena.

"Nani anatazama katuni humu ndani?"

"Ndiyo kesi yenyewe. Kila siku Baba anakuta katuni zake za zamani zimeanzwa, zimeachwa. Akamshika Kidevu. Kidevu anaapa si yeye, Baba anasema sasa ni nani, mimi? Jumamosi akamwambia atoke, asirudi mpaka atakapojifunza kusema kweli. Ndiyo hayo fundi cherehani wa mlango wa pili aliyoyasikia."

"Labda kuna mtoto anayekuja hapa?"

"Hakuna mtoto, Inspekta. Chini wala juu." Alilisema haraka, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa. "Miaka kumi na mmoja ya ndoa. Hakuna."

Inspekta akaomba radhi. Akanywa maji yote, akasimama.

"Twende juu, konstebo. Tukaone kama runinga ni runinga tu."

*

Mpima ardhi alifungua mlango kabla hawajabisha mara ya pili. Alikuwa mtu mrefu, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Kazi yake ilimpeleka porini kupima viwanja wiki mbili kila mwezi, na uso wake ulikuwa umeiva kwa jua.

"Karibuni. Poleni na kazi."

"Pole na msiba. Nina maswali yaleyale ya jana, utaniwia radhi."

"Uliza tu. Mzee alikuwa baba yangu."

Walikaa. Inspekta akafungua daftari.

"Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Kwenye kiti hiki."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nilipomsikia mke wangu anapiga kelele huko chini."

"Mzee alikupigia simu saa tisa na dakika hamsini."

"Alitaka betri za rimoti. Nikamwambia sina. Basi, nikaweka filamu yangu."

"Ipi?"

"Ile ndefu ya bwana harusi."

"Ukaitazama yote?"

"Yote."

"Hukusinzia? Jumamosi, jua kali, umeshiba?"

Mpima ardhi akatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Inspekta, filamu ile mtu hawezi kusinzia. Ina kero yake. Makopo mawili, la nne na la tano, vifuniko vyake vilibadilishana hukohuko kwenye jumba la sinema, miaka mingi kabla sijaoa humu. Mzee alijua, lakini piga ua hakutaka kurekebisha. Alisema kopo limeandikwa nne, basi ni nne. Sasa ukiufuata mkanda wa tatu kwa wa nne, bwana harusi anazikwa kabla hajaoa."

"Anazikwa?"

"Kisha kwenye wa tano anafunga ndoa, anacheza, anakula keki. Kwa hiyo kila mtu wa familia hii anajua: wa tatu ukiisha, unaruka unaweka wa tano, unarudi kwenye wa nne, halafu unakwenda wa sita. Ukisinzia tu, umeiharibu."

"Na Jumamosi uliruka?"

"Niliruka, kama kawaida. Andika hivyo."

"Nimeandika."

Inspekta aliomba rimoti. Aliweka mkanda wa kwanza wa filamu hiyo, akaupeleka hadi mwisho. Picha ikaisha. Konstebo alikunja mikono akingoja skrini isimame kimya kama ya chini.

Haikusimama. Namba zilitokea pembeni, kumi, tisa, nane, zikashuka mpaka sifuri, na mkanda wa pili ukaanza wenyewe, tarumbeta zikijaa chumba kizima.

"Ala!" konstebo akasema.

"Runinga ni runinga tu," Inspekta akasema bila kumtazama.

Mpima ardhi hakutikisika. "Ndiyo, ya huku inaendelea yenyewe. Sikukataa, hamkuniuliza. Mzee ndiye alitaka ya kwake isimame, alipenda kubadilisha mikanda kwa mkono wake. Lakini hii mashine, Inspekta, haijui kuruka. Anayeruka ni mtu."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ukweli wake ulimuudhi Inspekta kupita kiasi. Ametoka chini na mlango mmoja umefunguka, hajakaa vizuri umefungwa tena. Alimtazama mpima ardhi, akatazama kiti, akatazama dirisha lililokuwa wazi juu ya ua. Majirani wote walisema muziki wa filamu ulisikika kutoka dirisha hilo alasiri nzima, kwa sauti ya juu kuliko siku zote. Mtu anayetazama peke yake, kwa nini aisikilizishe mitaa mitatu?

"Kisanduku chako kinaonyesha mikanda ilivyofuatana?"

"Kinaonyesha alama ya vyema kwenye uliokwisha kutazamwa. Hiyo tu. Angalia, yote saba."

Kweli, yote saba ilikuwa na alama. Konstebo aliziona jana, akaridhika, akaandika ripoti.

"Na mpangilio unaandikwa wapi?"

Kwa mara ya kwanza mpima ardhi alichelewa kujibu.

"Sidhani kama unaandikwa," alisema. "Labda kwenye kompyuta ya Mzee. Lakini ile ina neno la siri, na Mzee amekwenda nalo."

"Konstebo, baki hapa na bwana. Mpe kampani," Inspekta akasema, akashuka ngazi mbilimbili.

*

Neno la siri! Hapo ndipo Inspekta alipotaka kulia.

Nesi alijaribu jina la mama yake. Ikakataa. Akajaribu mwaka aliozaliwa. Ikakataa, na ikawaambia wangoje dakika tano. Wakangoja, wakiitazama kama watu wawili waliofungiwa nje ya nyumba yao. Wakajaribu jina la jumba la sinema, wakajaribu idadi ya viti vyake, wakajaribu idadi hiyo bila viti vya roshani. Kila mara dakika tano. Saa ya ukutani ilifika sita, ikapita.

"Mungu wangu, mzee huyu alikuwa anaficha nini? Paka na sungura?"

Nesi, badala ya kukasirika, alicheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha kicheko kikageuka, akafunika uso. Inspekta akajilaumu. Akasogea aweke mkono begani kwake, na goti lake likaigonga meza, kompyuta ikageuka ubavu.

Ubavuni palibandikwa karatasi. Mwandiko wa mkono, herufi kubwa, wino wa bluu: NENO LA SIRI. Na chini yake, neno lenyewe.

Wote wawili waliitazama.

"Baba jamani," nesi akasema.

Inspekta aliyameza yaliyomjia mdomoni, kwa kuwa hayakufaa kusemwa kwenye msiba. Akaliandika neno lile, akabonyeza, kompyuta ikafunguka bila ubishi.

Kulikuwa na kurasa nyingi. Mmoja ulikuwa na kumbukumbu: tarehe, saa, runinga ipi, mkanda upi. Alishuka hadi Jumamosi. Kabla hajasoma, alimgeukia nesi.

"Dada, filamu ya bwana harusi. Ukiitazama, unafuataje mikanda?"

"Moja, mbili, tatu, tano, nne, sita, saba," nesi akasema kama anayesoma zamu za wagonjwa. "Hata usingizini naweza kuiruka."

"Mumeo naye?"

"Yeye? Yeye ndiye aliyemfundisha Kidevu. Tumeitazama mara ishirini sasa."

"Hakuna siku mmeiacha ijiendee tu?"

"Ya nini? Kumwona mtu anazikwa halafu anakata keki?"

Inspekta akashusha macho kwenye skrini, akasoma kwa kidole.

Ghorofa ya tatu. Mkanda wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Wa sita. Wa saba. Kati ya kila mkanda na mwenzake, sekunde kumi, wala si tisa wala si kumi na moja.

Akasoma tena tangu mwanzo. Jana mtu yeyote angeona orodha hii angesema imenyooka, mambo yamekwenda kwa utaratibu. Na utaratibu huo ndio ulikuwa kasoro. Mtu wa familia hii, rimoti mkononi, asingeuacha uende hivyo. Mashine iliyoachwa peke yake ingeufuata mpaka mwisho.

Akampigia konstebo. "Mlete chini. Taratibu, na utangulie wewe nyuma yake."

"Nitangulie nyuma, afande?"

"Mlete, konstebo!"

*

Mpima ardhi aliingia, akamtazama mkewe kwanza, kisha kompyuta. Inspekta alikuwa amesimama kati yake na meza.

"Swali moja tu. Jumamosi uliruka kutoka mkanda wa tatu kwenda wa tano. Ndivyo?"

"Nimeshasema."

"Ukarudi wa nne."

"Ndiyo."

"Kumbukumbu inasema wa tatu ulifuatwa na wa nne. Wa nne na wa tano. Mpaka wa saba."

Nesi alinyanyua kichwa.

"Basi labda siku ile nilisahau kuruka," mpima ardhi akasema.

"Umesahau kuruka, ukamwona bwana harusi anazikwa kwanza, na bado hukushika rimoti?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Asubuhi hii uliniambia filamu ile mtu hawezi kusinzia."

"Inspekta, hizo kompyuta hukosea. Ngoja nikuonyeshe." Alisogea haraka, akapitisha mkono pembeni yake kuelekea meza. Inspekta alidhani anataka kipanya. Mkono ukakipita kipanya, ukakipita kibodi, ukashika waya wa umeme.

Inspekta alimdaka kifundo cha mkono. Konstebo, ambaye siku nzima alikuwa hajafanya jambo moja sawa, alimkumbatia kutoka nyuma na kumwondoa mezani kama gunia. Katika purukushani hiyo kiwiko cha mtu kiligonga kibodi, ukurasa ukabadilika.

"Waya wa nini?" Inspekta alihema. "Orodha nimeshaiona. Humo kuna nini kingine?"

Aliyejibu ni nesi. Alikuwa amesimama mbele ya skrini, akisoma kwa sauti ya chini.

"Runinga zilizounganishwa. Sebuleni. Ghorofa ya tatu." Akasogeza uso karibu. "Chumba cha mtoto."

Akamgeukia mumewe.

"Chumba cha mtoto kipi?" akauliza.

Mpima ardhi alitazama sakafu. Na Inspekta, aliyesumbuka asubuhi nzima na paka na sungura, akaelewa nani aliyekuwa akiacha katuni katikati. Chini ya ukurasa paliandikwa lini ulifunguliwa mara ya mwisho kabla ya leo: Jumamosi, saa tisa na dakika arobaini na tano. Kidevu alikuwa ameshafukuzwa. Mzee alibaki peke yake na hasira yake, akaamua kutafuta mwongo kwenye kompyuta, akampata. Dakika tano baadaye alipiga simu ghorofa ya tatu. Betri za rimoti, ati!

"Ana miaka mingapi?" nesi akauliza.

"Minne."

"Minne," nesi akarudia.

"Nilitaka kukwambia. Naapa nilitaka." Sauti ya chini ilikuwa imepotea, sasa alikuwa analalamika kama mtu aliyedhulumiwa. "Nilimwomba wiki moja. Wiki moja tu, nikwambie mwenyewe! Akakataa. Kasema utakapotoka zamu tu, anakuita. Mtu mbishi yule, mbishi tangu siku ya kwanza, kopo limeandikwa nne ni nne..."

"Nyamaza," Inspekta akamwambia. "Una haki ya kunyamaza, itumie. Ila nikwambie jambo moja. Mtu anayekwenda kuomba wiki moja haweki kwanza filamu ya saa mbili na kuifungulia dirisha."

Konstebo alimfunga pingu, akamtoa. Hakugeuka, wala mkewe hakumwita.

Inspekta alipiga simu kituoni. Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na nne.

"Gari limeshaondoka," Mkuu akasema.

"Lirudisheni."

"Inspekta, hakimu anangoja!"

"Mwacheni angoje. Kidevu hakuua. Nakuletea aliyeua, yuko ngazini na konstebo."

"Kwa ushahidi gani?"

"Wa sinema, mkuu."

Upande wa pili Mkuu alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyebakiza miaka miwili kabla ya kustaafu na anayeihesabu kila siku. Kisha akasikika akimfokea mtu mwingine ageuze gari, sasa hivi, popote lilipofika. Inspekta alisubiri mpaka alipomsikia dereva akiitikia, ndipo akakata.

Alipogeuka, nesi alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba yake, mikono mapajani. Mbele ya maneno Chumba cha mtoto kulikuwa na nukta ya kijani iliyowaka. Inachezwa sasa. Paka na sungura, dakika ya sita. Pembeni kulikuwa na kitufe: Simamisha.

Mahali fulani, katika nyumba wasiyoijua, mtoto wa miaka minne alikuwa anacheka na katuni za mzee aliyelala mochwari.

"Naweza kuizima?" nesi akauliza.

"Ni za baba yako. Sasa ni zako. Unaweza."

Nesi aliweka mkono juu ya kipanya. Mshale mdogo ulisogea, ukafika kwenye kitufe, ukasimama hapo. Uso wake ulikuwa umekakamaa kwa hasira ambayo Inspekta asingethubutu kuigusa. Dakika ya saba. Dakika ya nane.

Akaondoa mkono.

"Mwache amalize. Yeye hajamkosea mtu."

Inspekta aliinamisha kichwa. Alikusanya daftari, akaibandua ile karatasi ya neno la siri na kuitia kwenye bahasha ya ushahidi. Hakutaka kumwacha mwanamke yule peke yake katika chumba kile.

"Dada, una ndugu nimpigie aje akae nawe?"

Nesi alinyanyua macho. Jumapili alikuwa ametia sahihi maelezo ya kurasa mbili, ya kwamba Kidevu ana hasira za karibu, ya kwamba yeye mwenyewe hashangai. Inspekta aliyakumbuka neno kwa neno, na alijua kwamba nesi naye anayakumbuka.

"Ndugu ninaye mmoja tu," nesi akasema. "Mnaye ninyi, mahabusu."

Inspekta akachukua funguo za gari.